Mkoba wa Milembe

Nilifika katika nchi ile bila mkoba, na kwa hiyo, machoni pa wenyeji, nilikuwa bado sijafika. Niliwasalimu, wakaitikia huku wakitazama nyongani kwangu, pale ambapo mkoba ulipaswa kuning'inia. Walipoona ni patupu, macho yao yakateleza yakaenda kwingine. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyeniuliza jina. Walinipa maji ya kunywa na pa kulala, katika ua wa mjane aliyeitwa Mama Nyamizi, na tangu hapo nikaitwa Mgeni, jina linalomtosha mtu yeyote.

Sura ya mtu, walisema kule, haiaminiki. Inakunjamana, inanenepa, inacheka wakati moyo unalia. Hata siku zenyewe haziaminiki: katika nchi ile jana iliweza kurudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na Mama Nyamizi mwenyewe nilimwona asubuhi akiwa ajuza, na jioni akiwa mwanamke wa makamo anayejifunga nguo kwa haraka. Kwa hiyo watu walijuana kwa kitu kisichobadilika. Kila aliyevuka utoto alivishwa mkoba wa ngozi uliopambwa kwa miiba ya nungunungu, wenye mkanda wa nyuzi za katani zilizosukwa, na mkoba huo ndio uliokuwa yeye. Ndani hamkuwa na kitu. Kilichohitajika kujulikana kilikuwa nje, kwenye miiba, na kila mtu alijua kukisoma. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna anayejishonea. Mwenzako akutazame, akushone kama anavyokuona, nawe uubebe mpaka siku ya kufa.

Niliiwaza sana sheria hiyo. Je, mimi ni yule ninayejijua, au ni yule anayeonwa na mwingine? Na kama ni huyo wa pili, basi aliyenishona ni nani kwangu? Mzazi wangu? Mtawala wangu? Nilijiuliza hayo kwa raha, kama mtu asiye na cha kupoteza, mpaka nilipowajua mabinti wawili wa ua ule.

Nyamizi alikuwa mkubwa, mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyobabuka kwa rangi. Yeye ndiye aliyekuwa mshonaji. Ngozi ya mbuzi aliilainisha kwa mafuta ya nyonyo, akiifikicha magotini mpaka ikalegea kama sikio. Miiba hakuchukua ile mirefu ya mgongoni. Alichagua ile myembamba ya shingoni, akailoweka, akaibana kwa meno mpaka ikawa bapa, akaitia katika rangi za mizizi na matope meusi. Kisha alitoboa ngozi kwa msharasi na kuilaza miiba, mmoja baada ya mwingine, kila ncha ikifichwa chini ya mwenzake. Katani aliisokota juu ya paja lake, na paja hilo lilikuwa na alama laini, nyeupe, kama njia iliyopitwa na watu wengi. Karibu kila mtu katika mlima ule tulioishi alikuwa amebeba kazi yake. Alipopita sokoni alipita katikati ya mikono yake mwenyewe. Wala hakuna aliyemwambia lolote, kwa sababu kule mkoba ukishavaliwa ni wa mvaaji, na kumsifu mshonaji ni kumtukana mwenye mkoba.

Milembe alikuwa mdogo wake. Alikuwa mcheshi, msahaulifu, mwenye kupenda kulala. Hakuwa mbaya hata kidogo, na hilo lilikuwa sehemu ya tatizo.

Kwa desturi dada hushonana. Milembe alimshonea Nyamizi mkoba wenye miiba iliyokwenda upande, mstari mmoja unaotoka, ukasimama, ukageuka nyuma. Watu waliusoma wakasema: huyu ni mtu anayetazama nyuma. Basi. Nao mkoba ambao Nyamizi alimshonea Milembe ulikuwa kitu ambacho sijui kukieleza. Njia nyekundu iliupanda mlima mweusi bila kuyumba. Juu yake palikuwa na weupe uliofunguka kama mdomo unaotaka kusema neno la haki. Watu waliusoma wakanyamaza. Mzee mmoja alivua kofia.

"Ulimwona hivyo mdogo wako?" nilimuuliza Nyamizi siku moja. Tulikuwa kivulini mwa ghala, yeye akisokota katani, mimi nikimshikia ncha.

"Hapana," akasema. Aliendelea kusokota. "Nilikaa nimtazame, kama inavyotakiwa. Nikamwona amelala, mdomo wazi. Ningeshona nini? Nikafumba macho. Nikashona mtu ambaye ningependa kuwa."

"Kisha ukampa."

"Kisha nikampa. Kujishonea ni mwiko, Mgeni. Ningefanyaje?" Uzi ukakatika mkononi mwake. "Sasa kila siku nauona unapita mlangoni. Unakwenda kisimani. Unakwenda ngomani. Wanamwamkia kwa heshima, naye anafikiri ni kwa sababu ya meno yake mazuri."

Hapo nikauona wivu wake, na nitausema kama nilivyouona, kwa sababu si ule wivu tuliouzoea. Mtu humwonea wivu mwenzake kwa kile asichokuwa nacho yeye. Nyamizi aliona wivu kwa kile kilichotoka kwake. Ni kama mtu aliyetema moyo wake ukaota miguu ukaenda kuishi kwa jirani, na jirani akawa anautumia kupepea moto. Angeweza kumchukia nani? Mkoba ulikuwa haki ya Milembe. Uzuri wake ulikuwa kosa la mikono ya Nyamizi mwenyewe. Wivu wa namna hiyo hauna pa kwenda. Unazunguka humo humo ndani, ukilamba kuta.

Alikuwa akijisemea, nami nilimsikia. Ule mstari mwekundu ni wangu. Ile njia ni yangu. Mkoba anaupitisha kwenye miiba ya porini, anaurusha kitandani, juzi ameukalia. Ameukalia! Angalau angejua. Akijua nitapona. Hapana, akijua nitakufa. Kisha Milembe angeingia ghafla na kumwona dada yake amekunja uso, amejishika paji, naye angesema kwa huruma, "Dada, kichwa tena?" na kwenda kumchemshia majani.

Wakati huo kiti cha Msemaji kilikuwa kitupu. Msemaji ndiye aliyeamua magomvi ya mlima mzima, akazungumza na wa milima mingine, akawasemea wafu siku ya matanga yao. Alichaguliwa kwa namna iliyokuwa kama nchi ile yenyewe: vijana wote walivua mikoba yao, ikatundikwa kwenye kamba ndefu, wenyewe wakakaa nyuma ya ukuta wasionekane. Bibi Kalunde, aliyekuwa mkuu wa wazee, aliipitia polepole, mikono nyuma. Aliupita wa Nyamizi bila kupunguza mwendo. Alipofika kwa wa Milembe alisimama. Akausogelea mpaka pua yake ikaugusa.

"Ni huyu," akasema. "Huyu anajua anakokwenda."

Watu wakapiga vigelegele. Nyuma ya ukuta Milembe aliuliza, "Ni nani?" na walipomwambia akacheka, akidhani ni utani. Nilimtazama Nyamizi. Alikuwa akipiga makofi kama wengine, ila viganja vyake havikukutana.

Kabla ya kukaa kitini, Msemaji mpya huoga katika chemchemi iliyo chini ya majabali, na nduguye humshikia mkoba. Watu wengine hungoja juu. Mimi, kwa kuwa sikuhesabiwa, niliachwa niteremke nao, na yaliyotokea niliyaona kwa macho yangu.

Milembe alivua mkoba wake. "Nishikie, dada," akasema, akamkabidhi kama mtu anayemkabidhi mwenzake kibuyu. Akaingia majini akiimba.

Nyamizi alikaa na mkoba mapajani. Hakuwa ameugusa tangu siku aliyoukabidhi. Alipitisha kidole juu ya njia nyekundu, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Kisha akainuka, akavua mkoba wake wenye mstari unaogeuka, akaulaza juu ya jabali kwa uangalifu, wala hakuutupa. Akauvaa ule mwingine. Ulimkaa. Nyonga ilikuwa kama imeungoja. Alinitazama kidogo, nami nikasema, "Nyamizi, usifanye hivyo." Akageuka akapanda kwenda kwa watu.

"Msemaji!" walipaza sauti. "Milembe! Milembe!"

Nilimfuata nikisema kwa sauti kwamba huyu si Milembe, mtazameni usoni, vidole vyake vina rangi. Walinisikiliza kwa upole. Bibi Kalunde aliutazama mkoba, akautazama uso, akarudi kwenye mkoba. "Mgeni," akaniambia, "wewe huna mkoba. Utajuaje mtu ni nani?"

Milembe alitoka majini akiwa hana kitu. Akauona mkoba wa dada yake juu ya jabali, akakaa kando yake kuulinda mpaka mwenyewe arudi. Haikumjia hata mara moja kuuvaa. Walipotumwa watu kumtafuta Nyamizi walimkuta msichana wasiyemjua, nywele zikichuruzika maji.

"Mwenye mkoba huu yuko wapi?" wakamuuliza.

"Ameondoka na wangu," akasema. "Atarudi. Kichwa kilikuwa kinamuuma."

Hawakumwelewa. Kule hakuna anayeuacha mkoba wake ila maiti. Wakatazama maji yenye kina kirefu, wakainamisha vichwa, wakaubeba ule mkoba wakampelekea Mama Nyamizi na kumwambia kuwa mwanawe mkubwa amezama. Yule msichana aliwafuata nyuma, kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kwenda. Alipofika uani akamwambia Mama Nyamizi, "Mama, ni mimi," na mama, macho yamejaa machozi, akatazama nyonga tupu, akasema, "Karibu, mwanangu. Wageni sasa mko wawili."

Hivyo ndivyo Milembe alivyokuja kulala kwenye ukumbi wa jiko, upande wa pili wa mkeka wangu. Siku za kwanza alilia. Kisha akaacha, akaanza kuchota maji na kuchochea moto, na kumsimulia mama yake mwenyewe vituko ambavyo mama alivicheka katikati ya msiba bila kujua kwa nini vinamfurahisha hivyo. "Nimwambieje?" aliniuliza. "Nikimwambia mimi ni mwanawe nazidi kumuumiza. Nikikaa kimya ananipa ukoko wa chungu." Akasukuma kuni motoni. "Dada alitaka kitu. Angeniambia tu."

Na Nyamizi alikaa kitini. Aliamua magomvi vizuri, kuliko ambavyo Milembe angeweza, hilo halina shaka. Alikuwa sasa ndani ya kitu alichokiota. Njia nyekundu ilikuwa yake na kila mtu aliisoma juu yake. Alipaswa kutulia. Lakini wivu, nilivyojifunza kule, hauli kitu kimoja. Ukishiba hapa unageuza shingo.

Kitu cha kwanza kilikuwa jina. Aliketi juu ya kiti cha mlima mzima na kumsikia kila mtu akimwita mama yake "Mama Nyamizi". Hakuna aliyewahi kumwita Mama Milembe, hata baada ya Nyamizi kufa. Alinikuta njiani akanishika mkono. "Kwa nini wanamwita hivyo bado? Aliye hai ni Milembe. Mwenye kiti ni Milembe. Wangembadilishia jina." Nikamwambia, "Nyamizi, hilo jina ni lako." Akauachia mkono wangu kama amegusa kaa la moto.

Kitu cha pili kilikuwa yule msichana wa jikoni. Alimwona mama akimsuka nywele mgeni yule, akimpiga kofi dogo la kichwani atulie, na yeye, Msemaji, akija kumsalimia mama yake alipewa kigoda na heshima. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, Msemaji." Msemaji! Akarudi kwake, kichwa kikiwa hakimuumi, akatamani kimuume.

Kitu cha tatu kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na kilikuja siku ya matanga.

Watu walijaa uani mpaka nje. Jua lilisimama katikati ya mbingu na likakataa kuondoka, kama lilivyofanya kule kila palipokuwa na neno ambalo halijasemwa. Bibi Kalunde alianza. Alishika mkoba aliouvaa yeye mwenyewe, akasema, "Kwa kuwa mshonaji amekufa, sasa inaruhusiwa kumtaja. Huu alinishonea Nyamizi." Mwingine akasimama. "Na huu." "Na huu." "Huu pia." Wakasimama wote, mlima mzima, wanaume na wanawake, wakiinua mikoba juu, miiba ikimetameta. Mwanamke mmoja alisema kabla ya mkoba wake alikuwa mtu wa kujificha, na Nyamizi alimshona akiwa amesimama, basi akasimama. Mzee mmoja alilia akisema hapatatokea tena mikono kama ile. Walimsifu Nyamizi kwa maneno ambayo Nyamizi alikuwa ameyangoja tangu aliposhika msharasi.

Naye alikuwa amekaa pale pale, kitini, akiyasikia yakimwendea mwingine.

Niliuona uso wake. Sijawahi kuona mtu akimwonea mtu wivu kiasi kile, na aliyeonewa wivu alikuwa yeye mwenyewe. Nyamizi maiti alikuwa na kila kitu: jina la mama, machozi ya mama, mikono isiyosahaulika. Nyamizi hai alikuwa na kiti. Alimchukia yule mfu. Amekufa, hafanyi lolote, analala tu chini ya maji na kusifiwa! Mimi ndiye niliyeloweka miiba. Mimi ndiye niliyebabuka vidole. Yeye ni nani?

"Sasa Msemaji atamsemea dada yake," Bibi Kalunde akatangaza.

Alisimama. Alifungua mdomo, likatoka neno ambalo hakulipanga.

"Mnamsifu bure," akasema. "Nyamizi alikuwa mwivu. Huo mkoba mzuri kuliko yote hakuushona kwa upendo. Aliushona kwa ajili yake mwenyewe, na kila alipouona juu ya mdogo wake alitamani kuung'oa mwiba mmoja mmoja. Usiku alilala akihesabu kila mwiba ulipo. Aliona wivu kwa mkoba, kwa usingizi wa mdogo wake, hata kwa namna anavyocheka. Huyo ndiye mnayemlilia."

Watu walimtazama mama, wakidhani ataanguka. Mama Nyamizi aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa. Alikuwa ajuza kabisa wakati ule, mgongo umepinda, lakini alitembea mpaka mbele ya kiti.

"Ni kweli," akasema. "Alikuwa mwivu. Nilipokuwa nikimnyonyesha mdogo wake, yeye alinishika kidole akaking'ata. Hiki hapa. Nilimpenda akiwa hivyo hivyo, na mpaka kesho nitampenda hivyo hivyo." Akamtazama. Hakutazama nyonga. Akamtazama usoni, kama anayechungulia chumba alichodhani amekifunga. "Lakini wewe umejuaje? Milembe hakulijua hilo hata siku moja. Milembe alikuwa akija jikoni kuniambia, Mama, dada anaumwa kichwa."

Nyamizi aliushika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Uvue huo," mama akasema kwa sauti ya chini. "Uvue nikuone."

Akauvua. Mkanda wa katani ulimkwama begani, akauvuta. Akabaki amesimama mbele ya mlima mzima bila kitu nyongani, kama mimi, na watu wakaanza kuangalia kando kwa mazoea, macho yakiteleza. Ni mama tu ambaye hakuyaondoa macho yake.

"Nyamizi," akasema.

Neno hilo lilipita uani kama upepo chini ya mlango. Bibi Kalunde alikaa chini, pale pale vumbini. Nami nilidhani sasa mama atamkumbatia mwanawe aliyefufuka. Aliinua hata mikono. Kisha kitu kikamjia, mikono ikashuka.

"Mdogo wako yuko wapi?" akauliza. Na kabla hajajibiwa alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea jikoni, anakimbia, mwanamke wa makamo, nguo ikimfunguka, akiita jina la Milembe kwa sauti ya mtu aliyelala nalo ua mmoja bila kuligusa. Milembe alitokea mlangoni na ndoo. Mama alimvaa mwilini, ndoo ikaanguka, wakakaa wote wawili kwenye tope lililofanyika pale, mama akimpapasa uso, masikio, meno, akilia, "Nimekupa ukoko! Mwanangu nimekupa ukoko!"

Nyamizi alikuwa ameachwa peke yake mbele ya kiti, mkoba ukining'inia mkononi. Nilimsogelea.

"Umeona?" akaniambia bila kunitazama. "Mimi ndiye niliyekufa. Amemkimbilia yeye." Machozi yalikuwa yakimshuka, na mdomo wake ulikuwa umekaa namna ya ajabu, karibu na kicheko. "Inauma pale pale, Mgeni. Mahali pale pale. Basi ni mimi."

Bibi Kalunde aliuliza kutoka vumbini ni nani sasa atakaa kitini. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika nchi ile swali kama hilo kukaa bila mkoba wa kulijibu, na watu walianza kutazamana usoni, kwa aibu kidogo, kama wanaovuliwa nguo.

Akichungulia juu ya bega la mama, Milembe alimwona dada yake. "Dada!" akaita. "Ulikuwa wapi? Kichwa bado kinauma?"

Nyamizi alitembea mpaka pale. Aliuweka mkoba chini kwenye tope, hakumpa mdogo wake wala hakuuomba.

"Si kichwa," akasema. "Hakijawahi kuuma. Ni wivu, Milembe. Nakuonea wivu. Hata sasa hivi, hapo ulipokaa."

Milembe alimtazama kwa muda mrefu, mdomo wazi, jinsi Nyamizi alivyomwona siku ile akafumba macho. Kisha akajisogeza upande, akamsogeza na mama, pakabaki nafasi katika lile tope. Nyamizi alisimama akaipima kwa jicho la mshonaji, aone kama upana wake unalingana kweli na ule wa nafasi ya mdogo wake. Alikuwa bado anapima wakati mama alipomshika mkono akamvuta, akaanguka humo.